Presha ya macho: mwizi asiyepiga hodi

Je, babu yako pale Bujonde anajikwaa kwenye matuta ya majaruba, au anashtuka baiskeli inapotokea ubavuni? Usimcheke! Huenda ana glakoma, yaani presha ya macho.

Ugonjwa huu huua polepole mshipa wa fahamu wa jicho. Hauumi. Mara nyingi huanza kula pembeni. Katikati anaona vizuri, hata kusoma anasoma. Tena jicho moja humfichia mwenzake siri.

Utafiti wa Kongwa, Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, uliukuta kwa watu 4 hivi katika kila 100 wa miaka 40 na zaidi.

Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone au upasuaji hulinda kilichobaki.

Ufanye nini? Mpeleke hospitali ya wilaya Kyela, muulizie mtaalamu wa macho. Wajomba na mama nao wapimwe: ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo.