Marejeleo yamerudishwa: kosa liko wapi?

*Mhadhiri amenirudishia insha na kuandika pembeni, "Panga marejeleo upya." Vitabu vyote nilivyotumia nimeviorodhesha. Nimekosea wapi? – Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Morogoro*

Orodha ya marejeleo hurudishwa mara nyingi kwa sababu ya mpangilio, si kwa upungufu wa vitabu, na kosa la aina hiyo hurekebishika jioni moja. Katika mtindo wa APA hutangulia jina la ukoo, kisha herufi ya kwanza ya jina la mwandishi, mwaka kwenye mabano, jina la kitabu kwa italiki, na mchapishaji: Robert, S. (1951). *Kusadikika*. Nelson. Toleo la 7 la mwongozo wa APA liliondoa mji wa uchapishaji, ingawa wapo wahadhiri wanaoudai bado.

Majina ndiyo yanayowasumbua wengi. Shaaban Robert hukaa chini ya R, si S. Said Ahmed Mohamed chini ya M. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* (1981) huingizwa kwa jina la taasisi iliyoiandaa, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI). Orodha hufuata alfabeti, bila namba, na kila rejeleo likizidi mstari mmoja, mistari inayofuata husogezwa ndani nusu inchi.

Hatua inayosahaulika ni kulinganisha: kila kazi iliyotajwa ndani ya insha iwemo kwenye orodha, na iliyosomwa bila kutajwa iondolewe. Mwongozo wa idara ukitofautiana na APA, unaofuatwa ni wa idara. Usipopatikana, mkutubi aulizwe, au mhadhiri mwenyewe, kabla insha haijakusanywa tena.