Chakula cha Samaki wa Kufuga: Damu, Manyoya na Mabaki ya Machinjioni

Imeletwa katika darasa letu suala ambalo wazee wetu hawakuhitaji kuliuliza, kwa kuwa samaki wao alitoka baharini na riziki yake aliitafuta mwenyewe. Suala lenyewe ni hili: samaki wafugwao mabwawani hulishwa unga uliotiwa damu ya ng'ombe iliyokaushwa, au manyoya ya kuku yaliyosagwa, au matumbo na mifupa ya machinjioni. Je, yafaa Muislamu kumla samaki huyo? Na je, yafaa yeye mwenyewe kumfuga kwa chakula hicho, na kukifanyia biashara?

Tumesikia majawabu mawili mitaani, na yote mawili hayatoshi. Wako wasemao kwa mkato kwamba kila samaki wa bwawani ni haramu kwa sababu hula uchafu. Na ukiwataka dalili hawana, ila kwamba fulani kasema. Na wako wasemao kuwa samaki ni samaki tu, na madhali mzoga wake ni halali hakuna haja ya kuuliza alikula nini. Hao wa kwanza wameharamisha bila ya elimu. Hawa wa pili wameufunga mlango ambao maimamu wetu waliufungua zamani na kuusomesha. Na kwa kuwa kitu hakihukumiwi kabla ya kujulikana kilivyo, tutaanza na chakula chenyewe, kisha ndipo tuje kwenye hukumu.

Samaki wa kufuga hakui vyema kwa pumba peke yake. Perege, ambaye wengi humwita tilapia au ngege, huhitaji chakula ambacho katika kila sehemu 100 kina protini sehemu 25 hadi 35, na vifaranga vyake huhitaji zaidi ya hapo. Kambare pia hutaka zaidi, kwani ni mla nyama. Mwatiko, afugwaye kando ya mikoko huku kwetu Kilifi na Kwale, ana afadhali, kwani hula mimea midogo iotayo majini na chini ya bwawa. Lakini hata yeye wakizidishwa idadi yao katika bwawa moja haachi kuhitaji nyongeza.

Kwa miaka mingi protini hiyo ilitafutwa katika unga wa samaki, ambao una sehemu 60 hadi 70 za protini katika 100. Yaani samaki wadogo huvuliwa, wakakaushwa, wakasagwa, wakalishwa samaki wakubwa. Hapa Kenya serikali ilianza mwaka 2009 kuchimbisha mabwawa, 200 kwa kila jimbo katika majimbo 140 yaliyochaguliwa wakati ule. Kisha vikaja vizimba vya samaki katika Ziwa Viktoria. Wote hao wakataka chakula, na sehemu kubwa ya unga wake ni omena wa ziwa lile lile. Na omena ndiye kitoweo cha mtu asiyemudu kununua nyama wala samaki mkubwa. Anapoingia kinuni kwa ajili ya bwawa la tajiri, bei yake hupanda kwenye fungu la sokoni, na mwenye kuumia ni mama anayenunua kwa kikombe. Hili ndilo lililotufanya tusilione suala hili kuwa dogo.

Wala si jambo la huku peke yake. Mwaka 1970 wavuvi wa Peru walivua zaidi ya tani milioni 12 za dagaa wa bahari yao, na karibu wote wakasagwa kuwa unga wa mifugo wa nchi za mbali. Bahari yao ilipoingia joto mwaka 1972, na hali uvuvi ulikuwa umekwisha kupita kiasi, mwaka uliofuata hawakufikia hata tani milioni 2, na unga ukawa ghali dunia nzima. Tangu hapo wafugaji wakazidi kutafuta protini pengine, na mahali pa karibu zaidi palikuwa ni machinjioni.

Ng'ombe mmoja achinjwapo hutoka damu kiasi ya lita 10 hadi 15. Katika kila sehemu 100 za damu hiyo, 80 hivi ni maji, na iliyobaki karibu yote ni protini. Basi ikikaushwa hupatikana kilo 2 au 3 za unga ambao protini yake hupindukia sehemu 80. Unga wa samaki hauufikii. Na damu hii katika miji yetu midogo mara nyingi humwagwa mtaroni, ikanuka, ikaleta nzi, ikateremkia mtoni au pwani.

Lakini wingi wa protini si kila kitu. Protini hujengwa kwa mawe ya namna nyingi, na jiwe la namna moja likikosekana ujenzi husimama hata mengine yakirundikana. Damu ina wingi wa jiwe liitwalo laisini, na ina uchache wa methionini na isolusini. Manyoya ya kuku, ambayo nayo ni protini zaidi ya sehemu 80 katika 100, yana sistini kwa wingi na laisini kidogo. Kwa hiyo damu na manyoya ni kama washirika wawili, huyu ana jahazi na yule ana tanga. Ndiyo maana mfugaji mwenye akili hatii kimoja peke yake, wala hatii kwa wingi. Huchanganya kidogo cha damu, kidogo cha manyoya, mashudu ya pamba au ya alizeti, pumba, na unga mchache wa samaki. Mwenye kuchukua damu tupu akaitia bwawani kwa kuwa ni ya bure, samaki wake hudumaa na maji yake huoza.

Tena manyoya yana sharti. Yakisagwa mabichi, hata yawe laini kama poda, hupita tumboni mwa samaki karibu kama yalivyoingia. Ni lazima yapikwe kwa mvuke wenye nguvu ndani ya chombo kilichofungwa, ndipo yavunjike na kumeng'enywa. Kazi hii haifanyiki kwa sufuria ya nyumbani. Ama unga wa nyama na mifupa una protini kama sehemu 50 hivi, na huongeza chokaa na fosforasi. Na matumbo, vichwa na miguu ya kuku ikipikwa na kusagwa ni bora kuliko huo.

Khatari yake nayo isifichwe. Mwaka 1986 Uingereza ilitambua ugonjwa wa wazimu wa ng'ombe, na ikabainika kwamba ulienezwa kwa kuwalisha ng'ombe unga wa nyama na mifupa ya wenzao. Mnyama mla majani akageuzwa mla mizoga! Mwaka 1988 wakakataza kuwalisha wanyama wacheuao protini ya wacheuao, na Januari 2001 nchi za Umoja wa Ulaya zikaukataza unga huo kwa mifugo yote ya kuliwa. Huku kwetu liko la kimeta: mbegu zake hustahimili moto wa kawaida wa kuchemshia, basi damu ya mnyama asiyekaguliwa na daktari wa mifugo isikaribiwe, sembuse ya aliyejifia. Katika viwanda vya Ulaya kipimo kinachotumika kwa mabaki ya wanyama wa kunyonyesha ni moto wa digrii 133, kwa dakika 20, chini ya mkazo wa mvuke mara tatu ya ule wa hewa.

Sasa tuje kwenye hukumu. Damu imwagikayo ni najisi, hata ikiwa ya ng'ombe aliyechinjwa kisharia, na kukaushwa hakuitoharishi katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi. Ama manyoya, yakiwa ni ya kuku aliyechinjwa kisharia ni tohara, na damu iliyoyarukia huoshwa. Yakiwa ni ya kuku aliyekufa bandani ni najisi, kwa kuwa ni sehemu ya mzoga. Mabaki ya samaki, kama vichwa na miiba itokayo katika viwanda vya Kisumu, hayana shaka yoyote, maana mzoga wa samaki ni tohara na halali. Hapa wale wa mitaani wangeona kwamba vitu viwili vikitoka mlango mmoja wa machinjioni huwa na hukumu mbili.

Lakini najisi kuliwa na mnyama si sawa na kuliwa na mtu. Mtume (S.A.W.) alipopita na jeshi lake katika nchi ya Thamud, na watu wakakanda unga kwa maji ya visima vyao, aliwakataza kuula na akawaamrisha wawape ngamia. Imamu Nawawi ameeleza kuwa chakula kilichoingia najisi yafaa kulishwa wanyama. Basi asli ya kumlisha mnyama kisicholiwa na sisi imo katika dini, wala haikuletwa na wafugaji wa leo.

Linalobaki ni nyama ya huyo aliyelishwa. Imepokewa kwa Ibn Umar kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuliwa jallala na kunywewa maziwa yake, na jallala ni mnyama ambaye chakula chake kikubwa ni najisi. Wanavyuoni wa madhehebu yetu wameitundika hukumu hii juu ya kubadilika kwa nyama: ikidhihiri harufu au ladha ya najisi, Imamu Rafii alielekea kwenye uharamu, na Imamu Nawawi katika Minhaj akasema kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa ni makuruhu. Isipodhihiri kitu, ni halali bila karaha. Na akilishwa chakula tohara mpaka nyama ikawa njema, karaha huondoka. Wametaja siku 40 kwa ngamia, 30 kwa ng'ombe, 7 kwa kondoo na 3 kwa kuku, lakini mizani ni kuondoka kwa ile harufu wala si hesabu ya siku.

Pima basi samaki wetu kwa mizani hiyo. Damu ni kiasi kidogo cha chakula chake, na kilicho kikubwa ni pumba, mashudu na unga wa samaki. Huyo hata jina la jallala halimfikii. Na aliyekula ikageuka kuwa nyama yake ni kama mchicha uliokua kwa samadi: mbolea hiyo ni najisi kwetu Mashafi, na mmea tunaula, baada ya kuuosha palipogusana. Hatujamuona mtu akiukataa mchicha wa samadi miongoni mwa hao wanaomkataa samaki.

Ama maji ya bwawa, yakifika kulla mbili, nazo ni lita 200 na kitu, hayanajisiki ila yakibadilika rangi, ladha au harufu kwa ile najisi. Yale mabwawa ya mwaka 2009 yalikuwa ya mita za mraba 300. Lichukue hata kina cha mita moja, ni lita 300,000. Yakibadilika maji mengi kama hayo, basi mfugaji amekwisha kupita kiasi, na samaki wake watakuwa wanapanda juu kutafuta pumzi kabla mwanachuoni hajaulizwa.

Kwa haya twaona kwamba samaki aliyelishwa kwa kipimo, nyama yake ikawa haina harufu, ni halali. Na twamshauri mfugaji asitumie chakula chenye damu katika siku za mwisho kabla ya kuvua, awape chakula cha mimea na maji mapya, ili shaka iondoke kwake na kwa mnunuzi.

Biashara ni mlango mwingine, na ni mgumu zaidi. Mtume (S.A.W.) amekataza thamani ya damu, na katika madhehebu yetu najisi haiuziki. Mchinjaji asiuze damu kwa lita kama auzavyo maziwa. Aweza kuiacha aichukue anayeitaka. Na huyo anayeikinga, kuichemsha na kuikausha apewe ujira wa kazi yake. Wanavyuoni wa Hanafi wameruhusu kuuza najisi yenye manufaa, na anayewafuata hao hatumlaumu, lakini afuate kwa elimu, si kwa kuwa faida imemvutia.

Limebaki la nguruwe. Mwezi wa Juni 2013 Umoja wa Ulaya uliruhusu tena samaki wa kufuga walishwe unga wa wanyama wasiocheua, na wasiocheua huko ni kuku na nguruwe. Wanavyuoni wa Malaysia, nao ni Mashafi kama sisi, waliamua mwaka 2006 kwamba samaki anayefugwa na kulishwa makusudi nguruwe au mizoga ni haramu. Katika vitabu vyetu kuna kauli nyepesi kuliko hiyo, kwani mwana-mbuzi aliyenyonyeshwa na mbwa wamemhesabu kama jallala. Lakini kununua nguruwe, kumchanganya na kumlisha hakuna Muislamu anayeweza kukuhalalisha kwa kauli hiyo. Nasi tunaelekea upande wa wenzetu wa Malaysia. Vyakula vya samaki viletwavyo Kenya kutoka nchi za nje huandikwa juu ya gunia kiasi cha protini, na pengine huandikwa tu kuwa ni protini ya mnyama. Mnunuzi na aulize, kabla ya kulipa, ni mnyama gani, na muuzaji asiyeweza kujibu aachiwe gunia lake. Na ndugu zetu wanaotaka kusaga chakula cha samaki hapa Pwani waandike juu ya magunia yao kila kilichomo kwa jina lake: damu ya ng'ombe, manyoya ya kuku waliochinjwa, vichwa vya samaki, mashudu.