Wakili Baada ya Kushinda

Wengi hudhani kwamba sifa ya wakili ni ukali wa ulimi na wingi wa kesi alizoshinda. Hebu tazama yaliyotokea Pretoria, Afrika Kusini.

Mwaka 1893 kijana Gandhi, ambaye meli yake ilipitia Lamu, Mombasa na Zanzibar, alikwenda huko kuwasaidia mawakili wa mfanyabiashara Mwislamu, Abdulla Sheth, aliyemdai jamaa yake, Tyeb Sheth, fedha nyingi. Gandhi alizichunguza hesabu akaona kwamba mteja wake ana haki. Lakini aliona pia kwamba ada za mawakili zapanda kila siku (na ni mawakili wangapi huchukizwa na jambo hilo?), na uadui wazidi baina ya jamaa. Basi akamwendea Tyeb Sheth, akamsihi wakubali mwamuzi. Naye hakumzunguka wakili wake, bali alimshauri aonane naye kwanza.

Abdulla Sheth akashinda. Hapo ndipo ulipokuja mtihani wenyewe. Tyeb Sheth hakuweza kulipa pauni 37,000 pamoja na gharama kwa mara moja, na kwa wafanyabiashara wa kwao kufilisika kulikuwa kubaya kuliko kufa. Kurani Tukufu, katika sura ya Al-Baqara, yaagiza mdeni mwenye dhiki apewe muda. Na aliyemsihi Mwislamu huyu afanye hivyo ni wakili asiyekuwa Mwislamu! Kazi hiyo ilimwia Gandhi ngumu kuliko ile ya kuwapeleka kwa mwamuzi. Mwishowe Abdulla Sheth alikubali kulipwa kwa mafungu, kwa muda mrefu.