Karo ya Chuo cha Marekani: Bei Iliyoandikwa na Bei Unayolipa

Kila mwaka matokeo ya K.C.S.E. yakishatangazwa huwezi kukosa kusikia habari hii: fulani bin fulani amekubaliwa na chuo huko Marekani. Kijiji kinashangilia, akina mama wanapiga vigelegele, na baada ya wiki mbili kadi za harambee zinaanza kuzunguka. Mwezi wa Agosti unafika na kijana bado yuko nyumbani anachunga ng'ombe. Watu wananong'ona ati amelogwa. La hasha! Alichokuwa nacho ni barua ya kukubaliwa tu, na barua hiyo si karo. Hilo ndilo jambo ninalotaka tulichambue, kwa maana wengi wetu tunayo ndoto hiyo hiyo.

Tuanze na hesabu, hata kama wengine huikimbia. Chuo cha Marekani hakikutajii karo ya masomo peke yake. Hujumlisha karo, malazi, chakula, vitabu, bima ya afya na matumizi mengine madogo madogo, na jumla hiyo ndiyo gharama ya mwaka mmoja. Katika vyuo vingi vya kibinafsi vyenye sifa, gharama hiyo imepita dola 80,000. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 130, hizo ni shilingi 10,400,000. Mwaka mmoja, msomaji! Na shahada ya kwanza huchukua miaka minne.

Sasa tuseme umepata barua mbili. Chuo cha kwanza gharama yake ni dola 45,000 kwa mwaka, na kwa kuwa alama zako ni nzuri kimekupa basari ya dola 15,000. Hizo ni shilingi 1,950,000 za bure. Chifu akisikia atataka kuhutubu. Chuo cha pili ni ghali mno, dola 85,000, lakini kimeangalia hali ya nyumbani kwenu na kukupa msaada wa dola 81,000. Utakwenda wapi? Wengi wetu tungesema twende kule kwa bei nafuu. Hebu toa. Kwa chuo cha kwanza, kinachobaki ni dola 30,000, yaani shilingi 3,900,000 kila mwaka, na kwa miaka minne ni 15,600,000. Kwa chuo cha pili zinabaki dola 4,000, yaani shilingi 520,000 kwa mwaka. Tena sehemu ya hizo unaweza kuzichuma mwenyewe, kwa sababu mwenye viza ya mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo chake hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Basi kile cha ghali ndicho cha rahisi. Usiulize basari ni kubwa kiasi gani. Uliza pengo limebaki kiasi gani, na kama pengo hilo litakaa vile vile miaka yote minne. Basari nyingi hazipandi ilhali karo inapanda kila mwaka, na nyingine huondolewa alama zako zikishuka.

Vyuo havitoi pesa kwa mtindo mmoja. Kuna vichache sana ambavyo, vikichagua wanafunzi wa kigeni, haviangalii kabisa mfuko wa mzazi, na vikishakuchukua hujaza pengo lote la mahitaji yako. Miongoni mwavyo ni Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin. Lakini usidhani mlango ni mpana: katika kila waombaji 100, MIT huchukua wasiofika watano. Kuna kundi la pili, kubwa zaidi, la vyuo ambavyo vina pesa za wageni lakini si nyingi, kwa hiyo hupima akili yako pamoja na mfuko wako. Huko, kuomba msaada mkubwa kunaweza kukupunguzia nafasi ya kuchaguliwa. Halafu kuna vyuo vikuu vingi vya majimbo ambavyo humpa mgeni msaada kidogo au hakuna kabisa. Msaada wa serikali kuu ya Marekani nao ni wa raia na wakazi wanaostahili, si wa mwenye viza ya mwanafunzi, basi mtu asikupotezee muda na fomu zake. Chuo cha Berea, kule Kentucky, kina desturi yake: hakitozi karo ya masomo, na kila mwanafunzi lazima afanye kazi chuoni kila wiki. Wageni wanaochukuliwa huko ni wachache.

Pesa hizo huombwa kwa fomu, na inayotumiwa na vyuo vingi vya kibinafsi inaitwa CSS Profile. Hufunguliwa tarehe 1 Oktoba. Itauliza mapato ya wazazi, nyumba, shamba, madeni, na watoto wangapi wanasomeshwa. Mzazi wa jua kali au mkulima asiye na karatasi ya mshahara aeleze mapato yake kwa barua, na aeleze ukweli. Wengine huona haya kuandika kwamba nyumbani hakuna kitu, wakaongeza ng'ombe ambao hawapo. Kila ng'ombe wa kubuni anapunguza msaada wako.

Hapa nitakatiza kidogo nizungumzie harambee, kwa sababu kuna wazee watakaosema mbona wao walisafiri kwa harambee. Ni kweli. Mwezi wa Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Kenya kwa ndege iliyokodishwa kutokana na juhudi za Tom Mboya na marafiki zake Wamarekani. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kwa safari zilizofuata, na ndipo Wangari Maathai alipokwenda kusoma Kansas. Lakini tazameni kwa makini: wengi wa vijana wale walikuwa tayari wameahidiwa nafasi na basari na vyuo vyenyewe. Pengo kubwa lilikuwa nauli na pesa za matumizi. Pengo la namna hiyo harambee inaweza kuliziba hata leo. Pengo la shilingi milioni nne kila mwaka, kwa miaka minne, ni harambee gani hiyo? Watu watachanga mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili hawatashika simu yako.

Tena ubalozi haupokei ahadi. Kabla chuo hakijakupa fomu iitwayo I-20, ambayo bila hiyo huombi viza, ni lazima uonyeshe pesa za mwaka wa kwanza zipo, ama kwa barua ya msaada, ama kwa taarifa ya benki. Halafu kuna ada ya dola 350 ya kusajiliwa katika mtambo wa SEVIS na dola 185 za kuomba viza, na ukinyimwa viza hizo hazirudi. Jambo jingine ambalo watu hawaambiwi ni ushuru. Sehemu ya basari inayolipia karo na vitabu haikatwi, lakini inayolipia chakula na malazi inaweza kukatwa asilimia 14. Kama sehemu hiyo ni dola 20,000, basi dola 2,800 zimekwenda. Uliza chuo mapema ni nani atakayezilipa.

Kuhusu mawakala wanaotaka pesa mbele ili "wakutafutie nafasi," nitasema machache: usinunue mbuzi kwenye gunia. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret wakidai pesa walizokuwa wamelipa kwa mpango wa kuwapeleka watoto wao Finland na Kanada. Ushauri kuhusu vyuo vya Marekani unapatikana bure kwa EducationUSA, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Pia uko mradi wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004, ambao huchagua wanafunzi wachache waliofaulu vizuri sana na kuwaandaa kuomba nafasi.

Mwisho ni kalenda. K.C.S.E. humalizika Novemba, na vyuo vingi hufunga maombi mapema Januari, ndiyo maana wengi hungoja mwaka mmoja. Ada ya kuomba nafasi inaweza kusamehewa mwalimu akithibitisha kwamba huna uwezo. Mwalimu huyo huyo ndiye atakayeandika barua ya kukupendekeza, kwa hiyo mwendee muhula wa pili, si siku ya mwisho ukimkuta na rundo la vitabu vya kusahihisha.