Kabla Hujanunua Mfuko wa Faharisi, Kagua Kilichomo

Mfuko wa faharisi ni nini?
Faharisi ya soko la hisa ni orodha ya kampuni na uzito wa kila moja. Mfuko wa faharisi hununua hisa kwa kufuata orodha hiyo; hakuna meneja anayekisia ipi itapanda. Mfuko wa kwanza wa aina hii kwa wananchi wa kawaida ulianzishwa Marekani mwaka 1976 na Vanguard, kampuni ya John Bogle. Si kila mfuko wa vipande, yaani wa uwekezaji wa pamoja, ni wa faharisi. Mfuko wa Umoja wa kampuni ya UTT AMIS ya Tanzania, ulioanza 2005, huchanganya hisa na hatifungani kwa uamuzi wa wasimamizi wake.

Jina lisikudanganye
Faharisi nyingi hupanga uzito kwa thamani ya kampuni sokoni. Ndiyo maana faharisi ya hisa zote za Nairobi hutikisika Safaricom inapotikisika: kampuni hiyo moja ina sehemu kubwa sana ya thamani ya soko zima. S&P 500 ina kampuni kubwa 500 hivi, lakini zote ni za soko la Marekani. MSCI World, pamoja na jina lake, inahusu nchi 23 zilizoendelea tu. China na India hazimo. Anayezitaka nazo atazame MSCI ACWI au FTSE All-World, akijua kwamba hata humo Marekani inachukua zaidi ya nusu.

Kutegemea nchi moja kuna hatari yake. Nikkei 225 ya Japani ilifika kileleni Desemba 1989, ikaporomoka, na kilele hicho hakikuvukwa hadi Februari 2024. Aliyenunua akiwa na miaka 30 alisubiri mpaka karibu na kustaafu.

Ada ndogo, tofauti kubwa
Chukua mfano wa shilingi 1,000,000 zinazokua kwa asilimia 8 kwa mwaka kabla ya ada, kwa miaka 30. Mfuko unaotoza asilimia 0.2 kwa mwaka utakuachia takriban shilingi milioni 9.5, unaotoza asilimia 2 utakuachia kama milioni 5.7. Soko ni lilelile.

Kagua haya kabla ya kulipa

1. Soma taarifa ya mfuko: kampuni kumi za juu zinabeba asilimia ngapi?
2. Linganisha na mifuko uliyo nayo. Mwenye S&P 500 akiongeza MSCI World, kwa sehemu kubwa anarudia hisa zilezile.
3. Jumlisha gharama zote: usimamizi, dalali, kodi na kubadilisha fedha.
4. Fikiria sarafu. Mfuko wa dola unaweza kupanda huku shilingi ikiimarika na kupunguza faida yako.
5. Hakikisha muuzaji ana leseni ya mamlaka ya masoko ya mitaji ya nchi yako. Anayeahidi faida ya uhakika mkimbie. Hisa hazina ahadi hiyo.
6. Tenga kwanza fedha za karo, kodi ya nyumba na dharura. Mwaka 2008 S&P 500 ilipoteza zaidi ya theluthi ya thamani yake; aliyelazimika kuuza mwaka huo aliuza kwa hasara, na aliyeweza kusubiri alishuhudia soko likipanda tena. Kiasi usichokihitaji kwa miaka mingi ndicho cha kuingiza kwenye hisa.