Kifaa kinachosikiliza ubongo kabla ya kutoa umeme

HIVI majuzi mzee mmoja alinijia kliniki akiwa na kipande cha gazeti mfukoni. Ilikuwa habari ya mwanamke wa Marekani aliyetiwa kifaa cha umeme kichwani, akapata nafuu ya huzuni iliyomwandama tangu utotoni. Binti wa mzee huyu ameugua ugonjwa wa huzuni nzito kwa miaka saba. Aliniuliza, "Daktari, nina kipande cha shamba. Nikiuze nimpeleke mtoto huko?"

Msomaji, huenda nawe una mgonjwa nyumbani na umesikia habari kama hiyo. Kwa hivyo leo nitakueleza yale niliyomweleza mzee huyo.

Umeme na ubongo

Unapofikiri, unapokumbuka au unapohuzunika, chembechembe za ubongo hupashana habari kwa umeme mdogo sana na kwa kemikali. Vidonge vya magonjwa ya akili hurekebisha zile kemikali. Lakini madaktari wamejaribu njia ya umeme pia kwa miaka mingi.

Mwaka 1938, mjini Roma, Ugo Cerletti na Lucio Bini walimtibu mgonjwa wa akili kwa kupitisha umeme kichwani. Wengi huogopa wakisikia habari za tiba hiyo, lakini ingali inatumika. Siku hizi mgonjwa hulazwa usingizi kwa dawa na misuli yake hulegezwa. Kwa huzuni iliyokithiri, ni miongoni mwa tiba zenye nguvu zaidi tulizo nazo. Kasoro yake ni kwamba umeme huenea sehemu kubwa ya ubongo, na baadhi ya wagonjwa husahau mambo ya karibuni.

Mwaka 1987, katika mji wa Grenoble nchini Ufaransa, Dkt Alim-Louis Benabid alianza kutumia njia nyingine kwa wagonjwa wa kutetemeka. Waya mwembamba hupenyezwa ndani kabisa ya ubongo, kisha huunganishwa na betri iliyofichwa chini ya ngozi ya kifua. Umeme hufika pale tu unapotakiwa.

Mwaka 2005 madaktari wa Toronto, Canada, wakiongozwa na Helen Mayberg na Andres Lozano, walieleza jinsi walivyowatia waya kama huo wagonjwa sita wa huzuni ambao hawakusaidiwa na tiba nyingine. Baada ya miezi sita, wanne walikuwa na nafuu kubwa. Ulimwengu ulishangilia. Lakini utafiti mkubwa zaidi, wa wagonjwa 90, ulileta majibu mengine mwaka 2017. Kwa miezi sita ya kwanza, waliowashiwa umeme hawakuwa na nafuu iliyowazidi kwa yakini wale waliotiwa waya bila kuwashiwa.

Mfano wa friji

Kwa nini? Sababu moja inayofikiriwa ni hii. Huzuni hupanda na kushuka, hata katika siku moja. Tena ubongo wako si sawa na wa jirani yako. Vifaa vile vilitoa umeme mchana na usiku kwa kipimo kilekile, mgonjwa awe na hali mbaya au njema.

Hebu tazama friji yako. Haingurumi saa zote. Ndani mkianza kuwa na joto, huwaka. Baridi ikitosha, hunyamaza. Ndivyo kinavyofanya kazi kichocheo cha ubongo kinachojirekebisha. Kwanza husikiliza umeme wa ubongo wenyewe, na kikitambua dalili kwamba hali inaharibika, ndipo hutoa umeme.

Habari ya mwanamke aliyesomwa na yule mzee ilitangazwa mwaka 2021 na madaktari wa chuo kikuu cha California mjini San Francisco. Kwanza walimtia nyaya za muda na kumchunguza kwa siku kumi. Walitafuta mambo mawili: ni ishara gani huonekana ubongoni huzuni inapozidi, na ni mahali gani pakiguswa na umeme hupata ahueni. Ishara waliipata katika amigdala, sehemu ndogo ya ubongo yenye umbo la lozi inayohusika na hofu na hisia kali. Mahali pa kutuliza palikuwa kwingine.

Kisha walimtia kifaa ambacho Marekani ilikuwa imekiidhinisha mwaka 2013 kwa wagonjwa wa kifafa. Ishara ikitokea, kifaa hutoa umeme kwa sekunde sita, naye hasikii kitu. Kwa siku nzima, umeme wote haukupita dakika 30. Dalili zake zilipungua upesi, na baada ya miezi kadhaa zilikuwa chache mno.

Mambo ya kupima

Hizo ni habari za kutia moyo. Hata hivyo, kabla ya kuuza shamba, fikiria haya:

Kwanza, huyo ni mgonjwa mmoja. Ulioona hapo juu ni jinsi matumaini ya wagonjwa sita yalivyopungua walipochunguzwa 90. Mwezi Februari 2025 Marekani iliidhinisha kifaa kinachojirekebisha kwa ugonjwa wa Parkinson, lakini kwa huzuni nzito tiba hii bado iko katika utafiti.

Pili, ni lazima fuvu litobolewe. Damu inaweza kuvuja ubongoni, na vijidudu vinaweza kuingia.

Tatu, kazi haiishi siku ya upasuaji. Kifaa huhitaji kurekebishwa mara kwa mara na wataalamu, na betri huisha. Mgonjwa akirudi nyumbani mbali na waliomtibu, nani atakitunza? Na utafiti ukimalizika, nani atalipa?

Nne, mgonjwa mwenyewe ndiye anayestahili kuamua. Ubongo ni wake, si wa baba wala wa ukoo.

Anzia hapa

Mtu akiwa na huzuni kila siku kwa wiki mbili au zaidi, asiyefurahia chochote, asiyelala au kula vizuri, mpeleke kwa daktari. Apimwe pia upungufu wa damu na kasoro za tezi ya shingoni, maana hizo huweza kufanana na huzuni.

Vidonge vingi huchukua wiki nne hadi sita kabla ya kuonyesha kazi yake. Akipata nafuu, aendelee navyo kwa angalau miezi sita, wala asiache bila kumwuliza daktari. Kidonge kimoja kikishindwa, kuna vingine. Kuna pia tiba ya mazungumzo, na ile ya umeme niliyoitaja, ambayo haihitaji kupasua kichwa.

Akizungumza juu ya kujiua, usimpuuze wala kumkemea. Usimwache peke yake. Ondoa dawa za wadudu, kamba na vidonge karibu naye, na umfikishe hospitali siku hiyo hiyo.

Nilipomchunguza binti wa yule mzee, niligundua kwamba katika miaka saba alikuwa amepewa dawa za aina mbili tu, na zote aliziacha kabla ya wiki ya tatu kwa sababu zilimkausha mdomo. Hakuna aliyemwambia asubiri. Tulimtafutia dawa nyingine, na mtaalamu wa kuzungumza naye kila wiki.

Sasa ni wiki ya saba. Siwezi kusema amepona, lakini juzi alikuja kliniki peke yake, bila kusindikizwa. Shamba halijauzwa.