Mafuriko au Mruko? Istilahi ya Maji Yavukayo Kuta za Bahari

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 2014, mawimbi yalibomoa ukuta wa bahari huko Dawlish, kusini-magharibi mwa Uingereza, yakaacha reli ikining'inia hewani. Njia hiyo ilifungwa kwa takriban miezi miwili. Mwanafunzi anayefasiri habari kama hii hushawishika kuandika kwamba bahari "ilifurika". Makala haya yanadai kwamba kitenzi hicho hakitoshi.

Kufurika ni kwa maji yanayopanda polepole hadi yakapita kingo, kama ufanyavyo mto. Kwenye ukuta wa bahari, maji tulivu huwa yangali chini ya kilele. Kinachovuka ni wimbi moja moja, kwa kishindo. Aliyeonywa kuhusu mafuriko hutazama maji yakipanda, ilhali hatari yenyewe humjia kwa pigo moja. Kwa hiyo "mruko wa maji" ni istilahi ifaayo zaidi, kwani Waswahili husema maji huruka.

Wahandisi hupima mruko kwa wastani wa lita kwa sekunde kwa kila meta ya urefu wa ukuta. Mambo mawili hutawala: kimo cha mawimbi, na kimo cha kilele cha ukuta juu ya maji tulivu. Owen alitoa kanuni yake mwaka 1980 kule Wallingford, Uingereza. Mwongozo wa Ulaya uitwao EurOtop ukafuata mwaka 2007. Chukua ukuta wenye mteremko laini, mawimbi ya meta 2 yakiukabili moja kwa moja bila kuvunjika juu yake. Kilele kikiwa meta 4 juu ya maji, kanuni mojawapo ya mwongozo huo hutoa takriban lita 10. Kikiwa meta 3, hutoa lita 36. Meta moja tu, na mruko umeongezeka zaidi ya mara tatu na nusu!

Hapa ndipo msamiati wa pwani unapoingia. Mombasa, tofauti baina ya maji kujaa na kupwa hupita meta 3 wakati wa bamvua, na hupungua sana wakati wa maji mafu. Ukuta ule ule, basi, huwa mfupi mbele ya maji ya bamvua, hasa kusi ikivuma. Neno "bamvua" hubeba sehemu nzima ya hesabu hiyo, na ni ajabu kwamba wafasiri wengi hulikwepa.

Lakini wastani nao hudanganya. Lita 10 kwa sekunde hazimwagiki kama maji ya bomba: mawimbi mengi hayavuki kabisa, kisha moja hutupa lita elfu moja au zaidi juu ya kila meta. Kwa sababu hiyo istilahi ya pili inahitajika, ya ujazo wa wimbi moja. "Tupo la wimbi" lapendekezwa, ili "mruko" ubaki kuwa jina la wastani.